Ujumbe wa Sentimita

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya saluni ya kinyozi, ng'ambo tu ya barabara kutoka uzio wa chuo kikuu. Asubuhi, kabla vichwa vya kunyoa havijaanza kuingia, wenyewe huwa wameshakaa. Yupo Spika, mnadi wa nguo za mtumba aliyestaafu kazi lakini hakuistaafisha sauti. Akikusalimia unadhani anakuuzia koti. Yupo Kamusi, mwalimu mstaafu asiyeliruhusu neno lipite bila kulikagua. Yupo Mama Birika, mwenye kahawa, anayewamiminia na kuwasuta kwa mkono uleule. Mwenye saluni wanamwita Kinyozi, basi, na yeye hana neno. Wa tano ni fundi cherehani wa mlango wa pili, wanayemwita Sentimita kwa sababu ya ile tepu ya kupimia isiyobanduka shingoni mwake. Siku hiyo Sentimita alikuwa hajafika, na Mama Birika alikuwa anauliza kama ammiminie au asubiri, ndipo simu zote nne zikalia kwa mpigo, mlio mmoja.

— Ni ile Sogea, Kinyozi akasema, akifuta mikono kwenye aproni. Kuna mtu ametuma kitu.

Sogea ilikuwa kazi ya binti yake. Yuko mwaka wa tatu pale chuoni, anasomea kompyuta, na yeye na wenzake watatu walikuwa wamepewa mradi wa kikundi: watengeneze huduma ya mtandaoni ya kutumiana ujumbe, toka mwanzo mpaka mwisho, kwa mikono yao. Mwalimu wao alitoa masharti mawili. La kwanza, itumiwe na watu wa kweli, siyo marafiki wa bwenini. La pili, siku ya kuiwasilisha mbele ya jopo, iwe hai na iwe haijakatika. Kinyozi ndiye aliyepita akiwabembeleza watu wa mtaani wajiunge. Aliwawekea mwenyewe kwenye simu zao, kichwa juu, kila anayekalia kiti chake cha kunyolea akipewa hadithi ya binti kabla ya kupewa kioo. Siku ya kuwasilisha ilikuwa kesho yake.

— Imetoka kwa Sentimita, Spika akasema. Akainua simu, akaanza kusoma kwa sauti yake ya mnadani, mpaka mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo akageuka. «Dada yangu. Nimetoka kwa daktari. Macho hayarudi. La kulia ndiyo basi tena, na la kushoto linafuata...»

Sauti ikamkatikia hapo hapo. Yaliyobaki kila mtu alijisomea kwenye simu yake, midomo ikicheza bila sauti.

«Usimwambie mtu. Hasa wenzangu wa benchini wasijue kabisa. Nataka waendelee kunitania kama siku zote. Siku nitakayowaona wananionea huruma, sitakaa tena pale.»

Birika lilikuwa bado limeinama mkononi mwa Mama Birika, kahawa inamwagikia sahani, na hakuna aliyemwambia. Kinyozi alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Alitaka kuinua macho awaangalie wenzake, akajikuta hawezi.

— Si yeye, Spika akasema mwishowe.

— Si yeye vipi na jina lake liko hapo juu? Kinyozi akauliza.

— Nakwambia si yeye! Simu imeibwa. Wezi wa siku hizi hawakushikii kisu, wanakuliza kwanza. Ukishalia, wanaomba uwatumie msaada. Mtaona sasa hivi unakuja ujumbe wa pili.

Wote wakaziangalia simu zao. Ujumbe wa pili haukuja.

— Tuangalie maneno yenyewe, Kamusi akasema. Alikuwa amevua miwani na kuivaa tena. Hakuandika «macho yangu». Ameandika «macho». Macho ya nini? Sindano nayo ina jicho. Huyu ni fundi. Inawezekana kabisa anazungumzia sindano za cherehani.

— Mwalimu, sindano inapelekwa kwa daktari? Mama Birika akamuuliza.

— Daktari wa cherehani. Fundi wa mafundi. Ni lugha ya picha.

— Jicho la kulia la sindano!

— Nasema inawezekana.

— Basi mimi nawaambia ilivyo, Spika akadakia. Satelaiti. Sentimita hakuandika chochote. Alikuwa anazungumza na daktari, kadirisha kako wazi, ile kitu juu kule ikasikia, ikaandika, ikatupa chini. Inatupa popote. Sisi ndio tuliokuwa chini yake.

— Imeandika na «dada yangu»?

— Inajua koo zetu zote ile.

— Hapana, hapana. Kamusi akashusha sauti, akasogeza kichwa. Ni chuo. Hawa wanafanya utafiti. Wanawatumia watu wazima habari ya kutisha, kisha wanakaa mahali kuona tunashtuka namna gani. Msigeuke wote kwa pamoja. Ghorofa ya pili, dirisha la tatu. Kuna mtu.

Wakageuka wote kwa pamoja. Kweli kulikuwa na mtu. Akavuta pazia.

— Mmeona! Spika akainuka, akaiweka sawa kola ya shati. Basi mpaka simu zenyewe ziko ndani ya njama. Zimechoka kututunzia siri. Kwa nini zilie zote pamoja? Zimekubaliana usiku zikiwa kwenye chaji, zikaamua leo tunaanza na Sentimita, kesho tunakwenda kwa...

— Kaa chini, Spika.

Ni Mama Birika aliyesema, na hakusema kwa sauti kubwa. Alikuwa ameshaliweka birika chini.

— Kaa chini. Mnapiga kelele ili msimsikie mtu. Mimi nammiminia kahawa kila siku. Siku hizi anakitafuta kikombe kwa vidole kwanza, halafu ndiyo anakishika. Kwa mikono miwili. Nikadhani ni baridi.

Spika akakaa. Bila kutaka, alikuwa ameshika mkono wa kushoto wa shati lake, ule uliozidi mwenzake kwa kiganja kizima. Sentimita ndiye aliyeushona. Wiki nzima Spika alikuwa amepita na shati hilo mtaani akilitangaza, «Shati la watu wawili hili, kila mtu na mkono wake!» Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Sentimita alicheka kuliko wote.

Kinyozi naye alikuwa na lake. Alikumbuka Sentimita akimsimamisha binti pale mlangoni, akimwambia, Injinia, herufi za Sogea yenu hazinitoshi, nizidishie. Binti akazikuza. Sentimita akarudi: zidisha tena. Binti akacheka, akaongeza mpaka neno moja likajaza kioo cha simu. Tangu hapo Sentimita hakutumia kitu kingine kuandikiana na watu. Hata dada yake aliye mbali alimwambia ajiunge. Kinyozi alikuwa akijivuna kwa hilo. Kumbe mzee alikuwa hasomi tena kitu kingine chochote.

Akampigia binti yake. Kabla hajasema neno, binti alikuwa ameshajibu:

— Nakuja, Baba. Niko getini.

Akavuka barabara na laptopu wazi juu ya mkono, ndala miguuni, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Aliwaamkia wakubwa wote kwa shikamoo moja, macho yakiwa chini.

— Mmeupata wote?

— Wewe umejuaje?

— Hata mimi ninao. Kila aliyejiunga anao, Baba. Mtaa mzima.

Spika akashika kichwa.

— Kivipi sasa? Kinyozi aliuliza, na sauti ilitoka kama si yake. Mtu amemwandikia dada yake!

Binti akapiga magoti chini, akaiweka laptopu kwenye benchi, pale anapokaa Sentimita. Vidole vilikuwa vinakwenda huku akieleza. Jana yake waliongeza kitu kipya, tangazo: ukitaka kuwaambia watu wote jambo moja, unatuma bila kuweka jina la mtu. Programu ikikuta nafasi ya jina ni tupu, inajua hili ni tangazo, inawagawia wote. Kazi nzuri, ikawafurahisha. Lakini kuna kipande kingine alichokiandika mwenzake, cha kumtafuta mpokeaji. Mpokeaji akiwa hana bando, hayuko hewani, kile kipande hakisemi «hayupo, subiri». Kinarudisha nafasi tupu.

— Na tupu maana yake ni wote, Kamusi akamalizia polepole.

— Ndiyo, Mwalimu.

— Hamkuijaribu?

— Tuliijaribu. Wote wanne, tumekaa chumba kimoja, simu zote zimewashwa. Hakuna aliyefikiria kuzima ya kwake.

Simu yake ikaita. Akaiweka pembeni, sauti wazi, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini. Ni mwenzake wa kikundi, na alikuwa anahema.

— Uko wapi? Usiizime! Nimeona unaingia kwenye seva. Usiizime, nakuomba!

— Naizima.

— Jopo linataka huduma ambayo haijakatika! Tukiikata leo, kesho hatuna cha kuonyesha. Irekebishe hivyo hivyo ikitembea. Mimi nakisahihisha kile kipande, nipe muda kidogo tu.

— Huo muda kidogo kuna mtu anamwandikia mtu. Unajua anayefuata ni nani? Anaandika nini?

— Ni alama za watu wanne, siyo zako peke yako!

Kidole cha binti kilikuwa juu ya kitufe, na macho yakampandia baba yake.

Kinyozi alikuwa amewaambia watu kuhusu kesho. Alikuwa amewaambia wateja, amewaambia wakwe, amemwambia hata mtu asiyemjua aliyeingia kuomba kiberiti. Shati la kuvaa alikuwa ameshalipiga pasi. Neno «subiri» lilimpanda mpaka kwenye meno.

— Mwanangu, akasema, kesho ni...

— Baba. Ungekuwa wewe ndiye uliyeandika?

Binti akabonyeza. Kwenye simu zote pale benchini Sogea ikageuka kijivu, ujumbe wa Sentimita ukafutika machoni pao, na yule mwenzake upande wa pili wa simu akatoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa, kisha akakata.

Hapo ndipo waliposikia mlango wa pili ukifunguliwa.

Sentimita alitoka kama siku zote, tepu shingoni, shati limechomekewa vizuri. Alikuwa anatembea karibu na ukuta. Jinsi alivyokuwa akiupapasa kwa ncha za vidole, kila mtu sasa aliona, na kila mtu akajishangaa, yeye mwenyewe alikuwa anatazama wapi siku zote hizo.

— Leo mmekuja kunyoa au kuzika? akasema. Mbona kimya hivi? Aha, na Injinia yupo. Bahati yangu.

— Shikamoo, Baba Mkubwa.

— Marahaba, mwanangu. Hebu niangalizie hii Sogea yenu, imekuwa kijivu tupu. Nilimtumia dada yangu ujumbe asubuhi, nangoja jibu. Akamnyooshea simu, mkono ukapita kidogo pembeni ya pale alipokuwa binti. Umemfikia?

Spika, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alifungua mdomo, akaufunga. Kamusi aliangalia viatu vyake. Swali lenyewe lilikuwa dogo, la kujibiwa kwa ndiyo au hapana, na pale benchini pote hapakuwa na mtu aliyewahi kujiuliza.

Binti akasimama. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu, lakini alisimama.

— Haujamfikia, Baba Mkubwa. Hakuwa na bando. Programu yetu ilikosea, ikauchukua kama tangazo, ikawapelekea watu wengine.

— Watu gani?

— Wote.

— Wote hawa?

— Kila aliyejiunga.

— Mpaka muuza mkaa wa pale chini?

— Mpaka yeye.

— Isipokuwa dada yangu.

— Isipokuwa yeye. Tumekukosea sana. Mimi nimekukosea. Nimeizima sasa hivi, lakini walioshausoma wameusoma.

Sentimita hakusogea. Tepu ilikuwa inapanda na kushuka shingoni kwa pumzi zake. Halafu akageuza uso taratibu kuelekea benchini, kutoka mtu hadi mtu, kama anayejaribu kuwahesabu kwa kuhisi joto lao, na Kinyozi aliona kwamba halimwoni yeyote lile jicho la kulia, na kwamba la kushoto linajitahidi.

— Nilimwambia msijue, akasema. Sasa mtaanza kunishika mkono nikivuka barabara. Mtaanza kunipunguzia sauti. Si ndiyo mnachofanya hapa? Mnanipunguzia sauti.

Akageuka kurudi mlangoni kwake. Mama Birika akaziba mdomo kwa khanga. Kinyozi alitaka kumkimbilia, lakini akimkimbilia ndiyo itakuwa ile ile huruma. Akabaki ameganda, mguu mmoja mbele.

— Wewe Sentimita!

Sauti ya mnadani. Ilitikisa mpaka vikombe. Spika alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka mashavuni mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

— Na mkono wa shati langu utaupunguza lini? Au unangoja nikue?

Kinyozi alifumba macho. Alidhani sasa ndiyo wamemmaliza kabisa.

Sentimita alisimama, mgongo umewaelekea.

— Ulikuja kupimwa umeinama upande mmoja kama mlango uliong'oka, akasema. Mimi nimefuata mwili niliopewa. Rudi kwa waliokuzaa, ukalalamike huko.

Mama Birika ndiye aliyeanza, kicheko kilichochanganyika na kwikwi, halafu Kamusi. Sentimita akageuka, akarudi, akatafuta ubao wa benchi kwa goti. Mkono wa Kinyozi ulitoka wenyewe kwenda kumshika kiwiko. Akauvuta upesi, akaufungia ndani ya aproni. Binti akaiondoa laptopu yake. Sentimita akakaa mahali pake.

— Na kesho yenu inakuwaje, Injinia?

— Tutasimama mbele ya jopo tuwaeleze tulichofanya. Kilichotokea, na kwa nini hatukukiona.

— Watawafelisha?

— Sijui. Wenzangu hawapokei simu zangu.

— Wewe utakwenda hata peke yako?

— Nitakwenda.

— Nami nitakuwa mlangoni kwenu, Kinyozi akasema. Hata asipoingia mwingine.

Sentimita akatikisa kichwa kwa muda.

— Zile herufi kubwa, akasema, hazikukosea. Zile ulizifanya sawasawa. Ukimaliza kutengeneza hayo mengine, nirudishie. Nina hamu ya kusoma bado kidogo.

Hapo ndipo binti alipolia. Alikuwa amejikaza toka getini, toka kwenye ile simu, toka kwenye «wote». Sasa alilia kama alivyokuwa akilia akiwa mdogo, uso ndani ya aproni ya baba yake yenye nywele za watu. Baba yake akamwekea mkono kichwani, akaichomoa ile kalamu isije ikamchoma.

Mama Birika akaweka kikombe kwenye mkono wa Sentimita, siyo mbele yake. Sentimita akanywa yote. Halafu akaitoa simu tena, akaikabidhi upande wa Kinyozi.

— Nitafutie dada yangu. Kwenye simu ya kawaida majina siyaoni.

Ilikuwa mara ya kwanza kusema kwa mdomo wake kwamba haoni. Kinyozi akalitafuta jina, akabonyeza, akamrudishia. Simu ikaita muda mrefu. Kamusi akaanza kuinuka, kuwaashiria wenzake wampishe mtu azungumze na ndugu yake. Sentimita akapapasa hewani, akalikamata pindo la koti lake, akamvuta chini.

Upande wa pili ukapokelewa. Sauti ya mwanamke mtu mzima, kubwa, yenye furaha, ikatoka mpaka kila mtu akaisikia:

— Mdogo wangu! Afadhali umepiga, bando limeniishia tangu jana, nikasema huyu ataniona nimemnunia. Hamjambo huko?

— Hatujambo, dada. Hebu kaa kwanza. Umekaa?

— Nimekaa. Kuna nini? Furaha ikaanza kuondoka kwenye sauti. Wee, kuna nini? Uko wapi? Uko peke yako?

Sentimita alikuwa bado ameshika pindo la koti la Kamusi. Begani alimhisi Spika akihema, na mbele yake binti akivuta kamasi.

— Hapana, dada, akasema. Mimi niko na watu.